Barua ya Steringi

Juzi binti yangu alikaa kwenye meza ya jikoni akifuta rangi ya kucha, na ile harufu kali, tamu kidogo, kama ya peremende zilizosahauliwa juani, ikanifikia kabla sijaingia ndani. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuendelea. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni kizunguzungu tu. Ukweli ni kwamba harufu ile ilinirudisha sebuleni kwetu Castle Vale, Birmingham, ghorofa ya tisa, nikiwa na miaka kumi, gundi ya filamu ya baba yangu imenigandia vidoleni.

Wa rika langu mtayakumbuka maghorofa yale yalipokuwa mapya, lifti bado inanuka rangi. Yalijengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani, na Baba alipenda kuwaambia wageni kwamba sisi tunalala juu ya njia ya kurukia. Alikuwa akitania, lakini mimi nilimwamini kabisa. Nilidhani ipo siku ndege moja itarudi mahali pake, itatua chini ya dirisha letu, itatupakia sote na kutupeleka Mombasa. Wazo hilo lilinitisha. Mombasa niliondoka sijajua hata kusema vizuri. Kwangu mimi ilikuwa bahasha nyepesi za buluu, na uso wa Baba unavyobadilika anapozisoma.

Mama ndiye aliyetuleta Birmingham. Alikuja kusomea uuguzi, na siku hizo alikuwa akipanda mabasi mawili kwenda hospitalini upande wa Harborne. Baba alimfuata baada ya mwaka mmoja, mimi nikiwa mikononi mwake. Mombasa alikuwa mwendesha mashine za sinema, yule anayekaa katika kichumba cha juu chenye joto na kuwaonyesha watu mia tatu picha bila wao kumwona. Birmingham alipachika milango ya magari kiwandani, mlango mmoja baada ya mwingine. Lakini Jumapili alikuwa mtu mwingine. Alitundika shuka ukutani, akatoa mashine ndogo ya sinema aliyoipata katika soko la vitu vilivyotumika, akatuonyesha Steringi.

Mombasa, kama mnavyojua, steringi ni yule mwenye picha yake, mchezaji mkuu, asiyekufa hata apigwe risasi ngapi. Mimi nilidhani ndilo jina la mtu huyu. Alikuwa mwigizaji wa Kimarekani wa zamani, mrefu, taya pana, macho ya kulala. Jina lake halisi lilikuwa refu na nyumbani kwetu halikutumika. Baba alikuwa na riili moja tu ya filamu yake, dakika chache zilizokatwa kutoka picha ndefu: mtu juu ya farasi anafika kwenye uzio wa shamba, anashuka, anashika kofia yake mikononi, anashindwa kufungua lango. Ilikatika karibu kila Jumapili. Baba aliiunganisha kwa gundi iliyokuwa ndani ya chupa ndogo ya kahawia, akiibana kwa vidole na kuipuliza, na nyumba nzima ikanuka.

Jirani yetu wa mlango wa pili, Bi Doreen, alikuja kutazama kila mara. Alikuwa mjane wa Kiingereza aliyehamia kutoka mtaa wa jirani wa Shard End, mpiga chapa mstaafu, na ndiye aliyekaa nami nikitoka shule hadi wazazi wangu warudi kutoka kazini. Yeye na Baba walimpenda Steringi kwa sababu tofauti. Bi Doreen alipenda macho. Baba alipenda maisha yake.

Maisha hayo nilimsomea mimi, kutoka jarida la sinema ambalo Bi Doreen alitupatia. Baba alizungumza Kiingereza cha kumtosha kiwandani, lakini kukisoma kulimpa taabu na kukiandika hakujaribu. Basi mimi nilisoma, yeye akasikiliza mikono ikiwa magotini, hata mara ya kumi. Kwamba Steringi alizaliwa kwenye shamba la mahindi, kwa mama mjane wa kanisani aliyeona sinema ni kazi ya shetani. Kwamba alitoroka akiwa na miaka kumi na saba, akafanya kazi ya kusafisha zizi la farasi, kisha akalipwa kuanguka kutoka kwenye farasi badala ya waigizaji wakubwa. Kwamba wakati picha zilipoanza kusema, wenzake wengi walipoteza kazi, yeye akapanda, kwa sababu ya ile sauti nzito. Kwamba alioa mara tatu, akalewa, akasahauliwa, akarudi. Na mwisho, kwamba mama yake ambaye hakuwahi kutazama hata picha yake moja, alimwita akiwa mgonjwa, akampapasa uso, akamsamehe.

"Hapo," Baba alikuwa akisema. "Soma tena hapo."

Sababu niliijua nusu nusu. Bibi yangu, mama yake Baba, hakutaka amfuate mke wake Ulaya. Siku ya kuondoka alijifungia chumbani, hakutoka kumuaga. Baba aliniambia mara moja, akinifunga vifungo vya koti: "Mimi niliondoka bila radhi. Radhi zangu ziko kwa mama bado." Nilikisikia Kiswahili vizuri ingawa nilijibu kwa Kiingereza, lakini neno hilo sikulijua, na sikuuliza. Niliamini radhi ni kitu. Niliiona kabisa akilini, imefungwa kwa kitambaa ndani ya kasha la Bibi, kitu cha thamani ambacho Baba alikisahau na lazima siku moja akakichukue.

Kisha ikaja barua ya Shangazi Mwanakombo, dada yake Baba. Bibi anaumwa, miguu imevimba, hainuki kitandani. "Hasemi kwamba anakutaka," aliandika, "lakini kila mlango ukibishwa anauliza ni nani."

Mama alimwambia Baba palepale, bado amevaa sare yake ya kazi. "Omba ruhusa kiwandani, uende."

"Na asipotaka kuniona? Nisafiri mbali kote huko, ageukie ukutani asinitazame?"

"Basi utakuwa umeuona mgongo wake. Nenda, Baba Zuhura."

Nilikuwa mezani nikichora. Baba akasema maneno yaliyonifanya niache kalamu. "Nikienda, sijui kama nitataka kurudi tena kwenye ile milango. Pengine ingekuwa heri tuhamie sote."

Nilikuwa na rafiki aliyekaa ghorofa ya nne, nilikuwa na nafasi yangu dirishani darasani, nilikuwa na Bi Doreen. Nilikuwa mtoto wa Castle Vale. Hakuna aliyeniuliza.

Siku iliyofuata Baba aliniita na karatasi. Alitaka tumwandikie Steringi. Sicheki nikikumbuka, na nyinyi msicheke. Mwaka mmoja kabla tulikuwa tumeomba picha yake, ikaja kwa posta kutoka Amerika, sahihi yake chini, bila neno lolote. Kwa Baba hiyo ilitosha kuwa ni kujuana. Akasema nami nikaandika kwa Kiingereza changu cha shule: kwamba yeye ni mwendesha sinema kutoka Mombasa, kwamba naye mama yake hakumpa radhi, kwamba sasa mama ni mgonjwa na yeye anaogopa. "Muulize," akasema, na sauti yake ikawa ndogo, "yeye aliwezaje kuingia pale mlangoni."

Alinipa bahasha niitie kwenye sanduku la posta karibu na maduka. Nilifika hadi pale. Niliinua mkono. Nikaona jibu likirudi kutoka Amerika likisema nenda, nikamwona Baba akiondoka, nikaiona ndege. Nikaikunja bahasha ndani ya soksi yangu, nikarudi nyumbani.

Kama ningeishia hapo, leo ningejisamehe. Lakini Baba alianza kuuliza posta kila jioni, na kadiri alivyouliza ndivyo nilivyoona kwamba bila jibu ataamua mwenyewe. Bi Doreen alikuwa na mashine yake ya kupiga chapa juu ya meza ya dirishani, na aliniruhusu kuichezea. Siku moja, yeye akiwa jikoni anapika chai, nilipiga barua. Ilinichukua muda mrefu kwa kidole kimoja. Bi Doreen aliniuliza kutoka jikoni naandika nini. Nikasema hadithi.

Naikumbuka neno kwa neno, ingawa ilikuwa kwa Kiingereza. Ilisema: "Bwana mpendwa, nimepata barua yako nzuri. Usisafiri. Mama yangu alinitumia radhi kwa posta na wako pia atakutumia. Mwandikie tu, halafu usubiri. Ni vizuri kukaa Birmingham na binti yako, ambaye ni mtoto mwema. Wako, Steringi." Jina niliandika lile halisi, nikiiga sahihi ya kwenye picha.

Bahasha niliyotumia ni ileile iliyoleta picha, yenye stempu za Kimarekani, ambayo nilikuwa nimeihifadhi. Niliifunga upya kwa gundi ya filamu. Nilipaka nyingi mno, ikanivuja vidoleni, na bahasha ikanuka kiasi kwamba niliipepea dirishani ghorofa ya tisa mpaka mkono ukachoka. Kisha nikaiweka chini ya mlango, pamoja na barua nyingine.

Baba hakunusa kitu. Au alinusa na hakutaka kujua. Hilo nimelifikiria miaka mingi. Alinifanya nimsomee mara tatu. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo, akanishika mabega akasema, "Unaona? Hata yeye anasema wewe ni mtoto mwema."

Mama aliisoma barua ile akiwa amesimama. "Huyu Mmarekani hata kuandika hajui," alisema. "Tazama hili neno, limekosewa. Na ni mtu wa filamu ndiye wa kukwambia usimwone mamako?"

"Yeye anajua. Yalimfika."

"Mimi kila siku nawaona watu wanaofia wodini wakiangalia mlango. Sihitaji kuandikiwa kutoka Amerika."

Lakini Baba alikuwa ameshaamua. Hakuomba ruhusa kiwandani. Alimwandikia Bibi barua ndefu ya Kiswahili, akaandika usiku kucha kwa siku mbili, akamwomba radhi yake ije kwa maandishi. Akasubiri. Mimi nami nilisubiri, na niwe mkweli: kwa muda wa wiki tatu nilikuwa na amani. Nilidhani nimetengeneza mambo. Bibi atafungua kasha, atakitoa kile kitu, atakitia kwenye bahasha kubwa, Baba atakipata, na hakuna mtu atakayehama.

Simu ya maandishi ililetwa na mtu wa posta Jumamosi asubuhi, kwamba Bibi amefariki. Baba alikuwa ananyoa ndevu. Aliisoma, akaiweka kando ya sabuni, akamalizia kunyoa upande uliobaki. Kisha akaenda kukaa kitandani, viatu miguuni. Mama alifunga pazia. Bi Doreen alikuja na keki, akasimama mlangoni bila kujua aiweke wapi.

Jambo lililonikata maini lilikuja baadaye. Kila siku Baba aliendelea kutazama posta mlangoni. Mama akamuuliza anatafuta nini. "Labda alishaituma," alisema. "Labda iko njiani."

Na kweli barua ilikuwa njiani. Ilifika baada ya siku tisa, imeandikwa na Shangazi, Bibi akiwa bado hai. Hiyo Baba aliisoma mwenyewe, kwa sauti, kwa sababu alidhani ni habari njema. "Nimemsomea Mama barua yako yote. Amesema: Mwambie haya si mambo ya kuandikiana. Aje anipe mkono. Tafadhali kaka, fanya haraka." Alipofika hapo aliendelea kushika karatasi mbele ya uso wake muda mrefu, kama bado kuna mistari.

Nilikuwa nimekaa kwenye zulia miguuni pake. Siku hiyo ndipo nilipofahamu kwamba hakukuwa na kitu chochote ndani ya kasha.

Sikusema. Nilikua nikiwa na siri ile kama mtu anayetembea na jiwe kiatuni, nikajifunza kutembea bila kuchechemea. Jumapili Baba hakutundika tena shuka. Nilipata alama nzuri shuleni, nikawa mtoto mtiifu kupita kiasi, nikaosha vyombo bila kuambiwa. Wageni walinisifu. Kila sifa iliniunguza.

Miaka miwili ikapita. Jioni moja, tukila, taarifa ya habari ya televisheni ilionyesha uso wa Steringi, ule wa ujana, wakasema amefariki nyumbani kwake baada ya kuugua kwa muda mrefu. Baba aliacha kula. Alisema jambo moja tu: "Lazima tumwandikie mkewe. Alinijibu mimi, mtu asiyenijua. Lazima ajue kwamba nashukuru."

Nikaandika. Ningefanyaje? Nikaandika kwa mkono wangu kwamba marehemu alikuwa mwema kwetu, kwamba barua yake ya kumshauri Baba juu ya mama yake mgonjwa huko Mombasa tumeihifadhi. Safari hii Baba hakunipa nikaitie. Alitembea nami hadi kwenye sanduku la posta, akaitia mwenyewe, akaligonga sanduku kidogo kwa kiganja.

Jibu lilikuja majira ya mvua baridi. Mama alikuwa amelala baada ya zamu. Baba aliniletea bahasha kama anavyobeba mtu kitu chenye kumwagika, akaketi, mikono magotini. Mjane alikuwa ameandika kwa mkono, herufi zimelala na kushikana, Baba asingeweza kuzisoma. Nilizipitia kwanza kwa macho. Nikaona kwamba naweza kusema chochote. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, uongo wa pili uko tayari, mtamu, wenye shukrani na baraka. Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri.

Nikamsomea kilichoandikwa.

Mjane alisema ameguswa na salamu zetu, lakini pana kosa. Mume wake hakuwa ameandika barua kwa miaka mingi. Mikono ilikuwa ikitetemeka, hata kikombe alinyweshwa. Tena barua zote alifungua yeye mkewe, na ya mtu wa Mombasa hakuwahi kuiona, angeikumbuka. Kisha aliandika kwamba ile habari ya mama yake kumsamehe ilitungwa na watu wa kampuni ya filamu kwa ajili ya magazeti. Mama alikufa akimngojea. Yeye alikuwa kazini, picha ilikuwa haijaisha, akasema ataenda wiki ijayo. Jambo hilo ndilo lililomfanya anywe. "Kama angeipata barua yako," alimalizia, "angekwambia uondoke siku hiyohiyo."

Baba alifumbua macho. Alisimama, akaenda kwenye koti lake lililoning'inia nyuma ya mlango, akatoa katika mfuko wa ndani ile barua ya chapa. Kumbe aliibeba kiwandani muda wote ule. Akaikunjua mezani, akaitazama, akanitazama.

"Zuhura."

"Ni mimi, Baba," nilisema, na nilisema kwa Kiswahili. "Ile yako sikuitia. Hii niliiandika kwa Bi Doreen."

"Kwa nini?"

"Sikutaka tuhame. Nilidhani radhi inatumwa kwa posta. Nilidhani ni kitu."

Nilitegemea kofi. Ningelipokea kwa shukrani. Alikaa kwenye kiti polepole, akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yake yakatikisika. Sikujua niende kwake au nitoke. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba, barua ya mjane mkononi.

Alipotoa mikono alisema, "Unajua nilifanya nini siku ile uliponisomea hii? Nilifurahi. Nilikuwa namwogopa mama yangu, mtu mzima mimi, nikawa natafuta mtu yeyote wa kuniambia nisiende. Ungeniandikia kwa makaa kwenye gome ningekubali." Akaipapasa ile karatasi ya chapa kwa kidole. "Ulikuwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa na thelathini na tisa."

Alisema hivyo kunipunguzia. Haikunipunguzia. Iliniongezea, kwa sababu sasa nilikuwa nimeona hofu yake pia, na nilijua ni mimi niliyeilisha.

Alimwambia Mama yeye mwenyewe. Mama hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne alinikalisha kati ya magoti yake kunisuka, akavuta nywele kwa nguvu kuliko kawaida, na katikati ya mstari wa tatu vidole vyake vikasimama, akakiegemeza kichwa changu tumboni kwake, akaendelea kusuka.

Kiangazi kile Baba alikwenda Mombasa peke yake. Alikaa mwezi mmoja, akarudi kwenye milango yake ya magari. Nilimuuliza alifanya nini kaburini. "Nilimsalimia," alisema. Shangazi alimwambia kwamba Bibi alikufa akitazama ukumbini, bila kusema neno la kumsamehe wala la kumlaani. Hakupata zaidi ya hapo, na hakujidanganya kwamba amepata.

Wiki aliyorudi, asubuhi, nilikuwa nashuka kununua mkate. Nilikuwa nimeshafungua mlango aliponiita. Nikageuka nikidhani anataka kuongeza maziwa. Alikuwa amesimama kwenye ujia, fulana ya ndani, uso umechoka.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Radhi zangu unazo."

Kwa ajili ya mkate! Nikadhani ni mara moja tu. Lakini alisema tena nilipokwenda shule, na nilipokwenda kutupa taka, na nilipokwenda chuo na sanduku langu, na siku niliyoolewa, na kila nilipokata simu, mpaka ile ya mwisho kutoka hospitalini ambapo sauti haikutosha na muuguzi akaniambia tu kwamba midomo yake inacheza. Hakukubali hata mara moja nitoke nyumbani kwake bila kunipa. Nami kila mara nilisema asante, Baba, nikafunga mlango taratibu, nikasimama nje kidogo kabla ya kuita lifti, kwa sababu miguu ilikataa kuondoka.